Mwili Ukubalipo Upesi

Liko swali ambalo kwa nje laonekana dogo, la watu wachache wa miji mikubwa, lakini ndani yake limo jambo liwahusulo wazazi wote wenye mtoto mwenye kipaji. Mcheza dansi aliyezoezwa tangu utoto kuinua mguu hadi sikioni na kuukunja mgongo kama upinde, akiingia katika darasa la yoga, hufikia upesi mikao ambayo wenzake huitafuta kwa miaka. Twauliza: je, huyo amejifunza, au ameonyesha tu kile alichokuja nacho?

Katika mafundisho ya K. Pattabhi Jois (1915–2009), aliyefundisha mjini Mysore, India, mikao imepangwa kwa mafungu: la kwanza, la pili liitwalo la kati, na yale ya juu. Mwanafunzi hajipandishi mwenyewe. Mwalimu ndiye amwongezeaye mkao mmoja baada ya mwingine. Fungu la kati hudai mtu apige magoti na kujikunja kwenda nyuma hata mikono yake ikashika miguu, na baadaye aupitishe mguu nyuma ya kichwa. Kwa mtu wa baleti huo si mlima mrefu. Fungu lifuatalo hudai nguvu nyingi za mikono na mabega, uzito wote wa mwili ukikaa juu ya viganja, na hapo miguu mizuri haimsaidii mtu sana.

Wazee husema samaki mkunje angali mbichi. Mcheza dansi ndiye samaki huyo, amekwisha kunjwa zamani. Lakini yafaa tujue ni kitu gani kilichokunjika. Misuli huvutika na kurudi, tena huongezeka nguvu kwa mazoezi. Kano zifungazo mfupa na mfupa hazina tabia hiyo: zikivutwa kupita kiasi hulegea, na kiungo hupoteza ulinzi wake. Tena watu wenye viungo vilegevu kupita kawaida, ambao si haba katika dansi, mara nyingi huwa na hisia hafifu ya kujua kiungo kimefika wapi. Mtu mkakamavu anaye bawabu mlangoni: mwili wake humzuia kabla hajafika pabaya. Mwepesi hana bawabu. Yeye hupita, husifiwa, na maumivu huja baada ya miaka, nyongani au kiunoni, wakati makofi yamekwisha.

Kwa hiyo elimu yake ni ya kinyume. Goti lake likisukumwa nyuma kupita mstari, katika baleti wako wauonao uzuri. Mwalimu wa yoga ajuaye kazi yake humwambia alirudishe kidogo, aikaze misuli ya paja, abaki hapo kwa pumzi tano. Atazamaye haoni kitu. Pengine hudhani binti huyo amerudi nyuma. Nasi twaona kwamba ndipo alipoanza kujifunza, kwa sababu sasa anafanya jambo ambalo mwili wake haukumpa bure.

Tusieleweke vibaya. Dansi ni kazi ya heshima, na umbo la jukwaani ni la kutazamwa. Kumlaumu mchezaji kwa kutaka kuonekana ni kama kumlaumu mwimbaji kwa kutaka kusikika. Shida ni kwamba kioo cha chumba cha mazoezi humfuata hata mahali kisipokuwapo. Anapojikunja, jicho la moyo wake husimama nje likimtazama.

Twakumbuka habari za Indra Devi, aliyezaliwa Riga mwaka 1899 kwa jina la Eugenie Peterson, akawa mwigizaji na mcheza dansi, kisha akahamia India. Alipomwomba Krishnamacharya wa Mysore amfundishe, alikataliwa. Mtawala wa nchi ile alipomwombea, mwalimu alikubali, lakini akamwekea masharti makali ya chakula na ya saa. Baadaye ni mwalimu yule yule aliyemtaka akafundishe wengine, na hatimaye alifungua darasa huko Hollywood. Mlango haukufunguliwa na wepesi wa miguu yake.

Atatokea mtu aseme kwamba kipaji ni zawadi ya Mungu, na kukizuia ni kuifukia talanta ardhini. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Lakini watumishi wema wa Injili walikwenda kufanya biashara kwa ile fedha. Hawakusimama sokoni wakiionyesha. Na msomaji Mkatoliki aulizaye juu ya sala asome barua ya Roma ya tarehe 15 Oktoba 1989 juu ya kutafakari kwa Kikristo: haikatai kila kitu kitokacho kwa wengine, ila yaonya kwamba utulivu uletwao na mazoezi ya mwili usidhaniwe kuwa ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu. Nasi twaongeza kwamba mguu uliopita nyuma ya kichwa hausemi lolote juu ya moyo.

Lawama kubwa zaidi twaiweka kwa wakubwa. Mwalimu apendaye kuwa na mwanafunzi mzuri wa kutazamwa humharakisha kwa faida ya sifa yake mwenyewe, na mzazi akaaye ukutani akihesabu mikao hufanya vivyo hivyo. Binti wa miaka kumi na sita akiambiwa abaki katika fungu la kwanza hadi mabega yake yapate nguvu, atarudi nyumbani analia kwamba wenzake wasiomfikia kwa wepesi wamempita. Jioni ile baba na mama watakuwa na neno la kumwambia, na mwalimu aliyethubutu kumzuia atakuwa akingoja kuona kama kesho atarudi.