Mng'ao na Hifadhi

Uzuri wa chombo ni wa namna mbili: wa kuonekana na wa kudumu. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, na thamani ya mzigo ilipimwa mwisho wa safari, si njiani. Leo katika njia hiyo hupita magari, na vumbi la kiangazi huyafunika. Mwenye gari achague nini cha kulisafishia? Sabuni kali ya vyombo huondoa uchafu pamoja na nta ilindayo rangi. Sabuni ya magari huibakiza. Vumbi lina mchanga, nalo likisuguliwa kabla ya kumwagiwa maji hukwaruza. Nta, ambayo nyuki wa miombo ya Unyamwezi huitengeneza tangu kale, hupakwa mwisho, juu ya rangi safi, iwe ngao ya jua na mvua. Lakini kutu ikifunikwa kwa rangi, na nta ikang'arishwa juu yake ili mnunuzi adanganyike, hifadhi imegeuka hila. Nta haina kosa. Kosa ni la nia. Basi kabla ya kuuliza dawa ipi hung'arisha zaidi, mtu na ajiulize: nang'arisha nilinde, au nang'arisha nifiche?