Hagari Atalala Wapi?



Mpendwa kijana, wiki hii fungua Mwanzo 16, halafu uruke hadi 21:8-21.

Hagari ni mjakazi, yuko ugenini, ana mimba, na nyumbani anateswa mpaka anakimbia. Malaika wa Bwana anamkuta jangwani penye chemchemi. Angalia anavyoanza: hamuulizi kwa nini amebeba mimba. Anamwita kwa jina, kisha anamuuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Basi Hagari, ambaye hakuna aliyemhesabu, anampa Mungu jina: Mungu anayeona.

Sura ya 21 mambo ni mabaya zaidi. Anafukuzwa kabisa, yeye na mwanae, wakiwa na mkate na kiriba cha maji. Maji yanaisha. Mungu anamwambia asiogope, na palepale anamwonyesha kisima. Neno la faraja na maji ya kunywa vinakuja pamoja.

Sasa turudi kwetu Mafia. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Tanzania, wasichana 22 hivi katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 walishapata mimba. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu waliokatisha masomo kwa ujauzito kurudi shuleni baada ya kujifungua. Ni jambo jema. Lakini ruhusa ya kurudi darasani haimpi mtu kitanda. Binti wa Jibondo akifukuzwa na baba yake usiku, hata kufika Kilindoni anahitaji chombo. Akifika, atalala wapi? Tuseme ukweli: anayewahi kumkaribisha binti wa namna hiyo mara nyingi ni yule mwenye nia mbaya.

Sisi Wakatoliki tunasema uhai ni mtakatifu tangu kutungwa mimba. Tusirudi nyuma hapo. Ila ukimwambia binti asitoe mimba, halafu ukafunga mlango wako, umemtwisha yeye peke yake imani yetu sote.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba huruma ni uchungu tunaousikia moyoni kwa shida ya mwingine, unaotusukuma kumsaidia tukiweza. Kama haikusukumi popote, bado hujafika.

Sista Rosemary Nyirumbe alifika. Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, alifungua milango ya kituo cha ushonaji cha Mtakatifu Monika kwa wasichana waliotoka mikononi mwa waasi wa LRA, wengi wao wakiwa na watoto au wajawazito. Walipata pa kulala, wakajifunza kushona na kupika, na watoto wao wakatunzwa hapohapo mama zao wakiwa darasani. Hiyo ndiyo nyumba: kuta, chakula, na mtu wa kumshika mtoto mama akisoma.

Wapo watakaosema, "Tukiwapokea, si tunahalalisha dhambi?" Jamani, soma Yohane 8. Yesu alimwokoa kwanza yule mwanamke na mawe, ndipo akamwambia asitende dhambi tena. Halafu mabinti wengi hawakukosa, walikosewa. Na huyo aliyempa mimba, mbona yeye halali nje?

Wiki hii tufanye haya. Moja, usisambaze habari za binti mjamzito, wala picha yake. Mbili, VIWAWA wakae na paroko na akina mama wa WAWATA waulizane: nani ana chumba, nani anaweza kushika mtoto, nani atalipia daftari? Tatu, usimfiche binti kimyakimya kwako. Mshirikishe afisa ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Na tuwashirikishe majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa kisiwani. Wao humkumbuka Bi Hajara kila hija, wanapotembea kati ya Safa na Marwa kama alivyohangaika akimtafutia mwanae maji. Kwa kazi hii hatuhitaji kubishana.

Tusali: Ee Mungu unayeona, tupe macho yako tuwaone mabinti waliofungiwa milango. Bikira Maria, uliyepokelewa na Yosefu nyumbani kwake ukiwa na mimba, utuombee tusiogope kuwapokea. Amina.