Kwanza Irudi Puge

Mwaka jana jamaa mmoja anayekusanya santuri, mkazi wa Ulaya, aliniandikia na swali fupi: ni albamu zipi za hip hop ya andagraundi ya Kiswahili zinazostahili kutolewa upya kwenye santuri? Ana marafiki wenye lebo ndogo. Wanachapa nakala mia tatu hivi, zikiisha zimeisha.

Nilimjibu siku hiyo hiyo. Swali kama hilo kwa mtu wa hip hop ni kama kumuuliza bibi habari za wajukuu zake. Nikamwandikia Kwanzanians ya Kwanza Unit, kundi lililoanza mwaka 1993 wakati wengi bado tunaamini kuchana ni lazima kwa Kiingereza. Nikaweka Funga Kazi ya Hard Blasters ya mwaka 2000. Najua utasema hiyo si andagraundi, maana Chemsha Bongo ilijulikana hadi na walimu wetu. Sibishani, ila msingi wake ulichimbwa chini. Nikaongeza Maasai Hip Hop ya X Plastaz wa Arusha (2004), Kilio cha Haki ya kina Ukoo Flani Mau Mau wa Nairobi (2004), Propaganda ya Fid Q (2009), na Sauti ya Jogoo ya Nikki Mbishi, kutoka kwenye lile wimbi la Tamaduni Muzik na prodyuza Duke.

Nilipobonyeza kutuma ndipo neno moja likaanza kunisumbua: "upya". Mtu hutoa upya kitu kilichowahi kutoka hivyo. Sisi albamu hizi hatukuzipata kwenye santuri. Tulizipata kwenye kanda, baadaye CD, baadaye flash na simu. Hata enzi za muziki wa dansi, Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri kinachofanya kazi. Bendi zilirekodi Radio Tanzania, na santuri zikachapwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa, mlango huo nao ukawa mgumu. Rap ya Kiswahili ilipozaliwa, kaseti ndiyo ilikuwa mfalme. Kwa hiyo anachokiita jamaa "kutoa upya" ni kuivisha kanda yetu suti ambayo haijawahi kuivaa.

Sisemi suti ni mbaya. Nauliza tu: tunaposema albamu "inastahili", inastahili nini hasa, na nani anadaiwa?

Ngoja nieleze ninakoandikia. Puge ipo wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora, karibu katikati ya barabara ya Nzega kwenda Tabora mjini. Basi likisimama hapa linasimama dakika chache: karanga, maji, mahindi ya kuchoma, twende. Miaka ya mwanzo ya 2000 nilikuwa kijana wa duka pale stendi. Tuliuza betri, sabuni, na kanda. Tena niwe mkweli, kanda nyingi tulizirudufu wenyewe. Bosi alikuwa na redio ya kaseti mbili. Unaweka halisi kushoto, kaseti tupu kulia, unabonyeza. Msanii wa Dar es Salaam hakupata hata senti moja kwa nakala zile. Tulikuwa wezi, hakuna jina lingine.

Lakini hebu fikiria na hili. Bila ule wizi, Puge isingeijua Kwanza Unit. Kanda halisi chache zilizofika huku zilikwisha kwa vumbi na jua. Zilizobaki kwenye makabati ya watu ni zile za wizi. Mwizi akageuka mtunza kumbukumbu bila kukusudia. Sisemi hilo linamsafisha. Nasema deni letu kwa wasanii wale ni kubwa kuliko la yule msikilizaji wa Ulaya ambaye anataka kununua kihalali.

Sasa nirudi kwa jamaa. Baada ya orodha yangu aliuliza: "Na ile kanda ya kwenu uliyowahi kunitajia?"

Mwaka 2003 vijana watatu wa hapa Puge walipanda basi kwenda Tabora mjini, wakarekodi nyimbo saba kwenye chumba cha jamaa mwenye kompyuta na maikrofoni moja. Walirudi na kanda moja. Tukaizalisha nakala kama ishirini pale dukani, jalada limeandikwa kwa kalamu. Ziliuzwa, zikachakaa, zikarekodiwa kwaya juu yake. Ya kwangu ilibaki. Ninavyojua ndiyo pekee.

Kati ya wale watatu, mmoja alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 2009. Ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Wimbo wa nne, upande A, ni wake peke yake. Humo anasimulia msimu baba yake alipouza pamba, akaenda nayo mjini ile pesa yote, akarudi siku ya tano mikono mitupu, na dada mtu akaacha shule kidato cha pili. Hakuweka fumbo. Anamtaja mzee kama anavyoitwa hapa kijijini. Nimesikiliza rap nyingi za nchi nyingi. Sijasikia dakika nne nzito kuliko zile.

Jamaa alipousikia kwa simu aliandika neno moja tu: huu. Albamu nzima anaitaka kwa ajili ya huo.

Sheria inasema nini? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ile iliyoleta COSOTA, inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka hamsini baada ya kifo. Akifa, haki inakwenda kwa warithi. Safi. Sasa tazama kilichotokea kwetu: marehemu hakuacha mke wala mtoto. Warithi ni wazazi wake. Yaani mwenye sauti katika kuamua kama wimbo huo usikike Ulaya ni yule yule mzee anayesemwa ndani ya wimbo.

Hapo sheria imefika mwisho wa kamba yake, na sisi tumebaki na swali lenyewe.

Upande mmoja kuna mtunzi. Aliusema ukweli wake, tena hadharani. Kanda iliuzwa stendi ya kijiji chake, kila mtu akasikia. Kumnyamazisha sasa kwa kuwa hayupo ni kumuua mara ya pili. Na si yeye tu. Hip hop yote ya andagraundi imejengwa juu ya ruhusa hiyo ya kusema kinachouma nyumbani. Ukiondoa nyimbo zinazoaibisha mtu, hubaki na albamu, unabaki na salamu za redioni.

Upande wa pili kuna mzee aliye hai. Aliacha pombe zamani. Watu wanamwita kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba. Mwanawe aliposema yale alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa na nafasi ya kukua, kukosana na babaye tena, kupatana, labda kuandika wimbo mwingine. Kifo kilimnyima wimbo wa pili. Tukichapa wa kwanza kwenye santuri, tunaufanya kuwa neno la mwisho, na hatuna uhakika kama yeye alitaka liwe hivyo. Kaseti ilikuwa inasema "leo nimekasirika". Santuri inasema "milele".

Nadhani wakusanyaji wengi hawalioni hili. Wanadhani kubadili chombo ni kubadili chupa tu, maji ni yale yale. Mimi naona chombo kinabadili maneno. Kilichosemwa kwa watu ishirini wanaomjua msemaji na mzee pia, na wanaojua kwamba mwaka uliofuata mzee aliuza ng'ombe kumrudisha binti shule, si kitu kile kile kikisikilizwa na mtu wa mbali asiyejua hayo yote. Puge ilikuwa na sehemu ya pili ya hadithi. Santuri haina.

Kuna jambo jingine la huku kwetu ambalo siwezi kuliruka. Njia ya misafara ilipita nchi hii. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo, pembe moja kubwa ikiweza kufika kilo thelathini na zaidi, na walikwenda wakiimba. Sehemu kubwa ya pembe zilizopita Zanzibar ziliishia Connecticut, Marekani, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton, ambako zilikatwa kuwa vibao vya piano. Yaani mzigo uliobebwa na watu wanaoimba ukaenda kuwa muziki wa watu wengine, na nyimbo za wabebaji hakuna aliyezihitaji. Kila ninapoona kitu kizuri kinatoka Tabora kwenda kuwekwa sebuleni kwa mtu mbali, najiuliza nani kabeba na nani anasikiliza.

Lakini nisijifanye mtakatifu. Mfano huo una kasoro, na ni kasoro kubwa: pembe ikiondoka imeondoka, wimbo ukinakiliwa unabaki. Na walio mbali wamewahi kutufaa. Maasai Hip Hop yenyewe ilitolewa na lebo ya Ujerumani, Out Here, na Faza Nelly alipouawa mwaka 2006, sauti yake ilikuwa tayari mahali salama. Nyimbo za Western Jazz zilikusanywa na kutolewa upya na Sterns wa London mwaka 2012, na mimi nilizisikia vizuri kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo. Tukisubiri sisi wenyewe tutoe kila kitu, kanda zitaoza. Utepe hausubiri tumalize mjadala. Na hata hayo mambo ya nani mwenye mali, usafi ni adimu: Saleh Jabir mwaka 1991 aliweka Kiswahili juu ya Ice Ice Baby ya Vanilla Ice, naye Vanilla Ice alikuwa amechukua besi ya Queen na David Bowie. Ukimsaka mwenyewe utazunguka dunia.

Kwa hiyo sikumjibu jamaa kwanza. Nilikwenda kwa mama wa marehemu.

Nilimkuta anachambua mchele. Nikamwamkia, tukasalimiana mpaka salamu zikaisha, ndipo nikamweleza. Kumbe hakuwahi kuisikia ile kanda. Alijua ipo, alijua watu walisema nini, lakini nyumbani kwake hakuna aliyethubutu kuipiga. Nikampigia kwa simu. Wimbo wa kwanza alitabasamu. Wa nne aliacha mchele. Ulipoisha akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Ulipoisha tena akasema:

"Hajasema uongo, mwanangu. Lakini baba yake yupo pale nje. Mzee akiwepo, hapana. Akiondoka, fanyeni."

Nikamwandikia jamaa. Akapendekeza tutoe albamu bila wimbo wa nne. Nikawapigia wale wawili waliobaki, mmoja yuko Kahama, mwingine dereva wa lori. Wote walikataa kwa maneno yanayokaribiana: bila huo wimbo, hiyo si kanda yetu. Na nadhani wana haki. Kukata wimbo ni kusema uongo juu ya marehemu. Kuutoa sasa ni kumvua nguo aliye hai. Kusubiri ndilo jambo pekee lisilomdhulumu yeyote, isipokuwa msikilizaji mwenye haraka. Na haraka ya msikilizaji si haki.

Hapo nikapata jibu langu la lile neno "stahili". Albamu kustahili haina maana kwamba mtu yeyote mwenye mashine ana ruhusa. Ina maana sisi tuna deni nayo, na deni hulipwa kwa mpangilio. La kwanza ni kuiokoa isife. La pili ni kuirudisha kwa watu walioitoa, kwa chombo wanachoweza kukipiga. Hapa Puge sijui nyumba yenye mashine ya santuri, ila redio za flash zimejaa, na bei ya santuri moja huko Ulaya, msimu mzuri wa mavuno, inapata gunia la mahindi. La tatu ni kuwauliza wanaotajwa. La nne ndiyo santuri, kwa mkataba, na pesa irudi. Lebo nyingi huanza na la nne. Hata mimi na orodha yangu nilianza na la nne.

Basi, la kwanza nimelifanya. Kanda nilimpelekea rafiki Mwanza mwenye deki nzuri, ikahamishwa kwenye kompyuta, mistari yote inasikika, hata mlango wa kile chumba unapogonga kwenye wimbo wa sita. La pili nimelifanya. Mama ana flash yake, wale wawili wana zao. Kwenye ya mama, aliniomba mwenyewe, wimbo wa nne nimeuweka wa mwisho kabisa, "ili niweze kuzima kabla".

Jamaa bado ananiandikia. Juzi ameuliza kama kuna habari mpya, nikajua anachouliza hasa ni kama mzee yu hai bado. Nikamjibu kwamba mzee ni mzima, jana nimemwona anatoka shamba na jembe begani, na kwamba kanda iko salama. Asubiri.