Je, Kila Kiingiacho Mkononi ni Pato?

Tulipokuwa safarini mkoani Kagera, mwenye duka mmoja alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Mtu huyu huwapa wakulima fedha wakati mibuni inapochanua, naye hulipwa kwa kahawa yenyewe ikiisha kuiva. Wenyeji huiita desturi hiyo butura. Serikali imeikataza, nayo yaendelea. “Padre,” alisema, “mwalimu apata mshahara, mwenye nyumba apata kodi ya pango, benki yapata riba, wala hakuna awasemaye. Mimi nami nina pato langu. Kwa nini langu tu ndilo lilaumiwe?”

Swali hili ni la haki, wala halijibiwi kwa hasira. Yatupasa kwanza tujue pato ni nini.

Wengi wetu twadhani ya kuwa pato ni fedha zote ziingiazo mkononi. Sivyo. Mkulima aliyeuza kahawa kwa shilingi 1,000,000, naye alikwisha kutumia shilingi 300,000 kwa vibarua, mbolea na magunia, pato lake ni shilingi 700,000. Na yule auzaye ng’ombe wake wa maziwa ili afanye arusi, huyo hakupata pato lolote kwa mauzo yale. Amegeuza mali yake kuwa fedha, na arusi ikiisha hana ng’ombe wala fedha. Mtaalamu wa uchumi wa Uingereza, John Hicks, katika kitabu alichokitoa mwaka 1939, alieleza kwamba pato la mtu ni kile awezacho kukitumia kwa juma zima, na mwisho wa juma hali yake isiwe duni kuliko ilivyokuwa mwanzo. Maelezo haya yatupendeza, maana kila mama wa nyumbani ayajua bila kukisoma kitabu hicho: maharage ya kula na maharage ya mbegu hayatiwi chungu kimoja.

Tena ndizi zikatwazo kibanjani nyuma ya nyumba ni pato pia, ingawa hazikuona noti. Wapo akina baba wasemao kwamba mapato ya nyumba ni yao, kwa kuwa wao ndio wapelekao kahawa chamani. Wangehesabu mikungu iliyoliwa mwaka mzima, na mikono iliyoipalilia, hesabu hiyo ingewatia haya.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 huyagawa mapato katika mafungu matatu: ya ajira, ya biashara, na ya uwekezaji, na katika fungu hili la tatu hutajwa riba, gawio la hisa na kodi ya pango. Mtoza kodi atosheka na hapo. Sisi hatutosheki, maana twataka kujua pia kila pato latoka katika jasho la nani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliuliza jambo hilo hilo. Kiongozi wa TANU au wa Serikali alikatazwa kuwa na mishahara miwili au zaidi, kumiliki nyumba za kupangisha, na kuwa na hisa katika kampuni yoyote. Mwaka 1991, huko Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Kwa maoni yetu swali lilikuwa jema na lastahili kuulizwa hata leo, lakini jibu halipatikani kwa kutazama jina la pato tu. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha ya kuwa shamba alilolinunua mfanyakazi kwa akiba yake ni mshahara ule ule uliogeuka sura. Basi mjane aishiye kwa kodi ya vyumba viwili alivyojengewa na marehemu mumewe, ala jasho la nyumba yake mwenyewe. Nani atamlaumu?

Mwenye duka wetu alijitetea kwa hoja ya namna hii. Alisema fedha zake nazo ni jasho lake, tena ajitia katika hatari, kwa kuwa mvua ikikosa, maua hupukutika. Kama ndivyo, yu mfanyabiashara, na faida yake ni malipo ya hatari ile. Lakini tulipozidi kuongea naye alikiri ya kuwa kahawa ikipungua, deni huhamia msimu ujao. Alikiri pia kwamba fedha azitoazo ni thamani ya gunia moja, naye huchukua mawili. Hapo hatari yote yabaki kwa mkulima, na tulichokiona ni riba iliyovikwa nguo ya biashara. Mkulima naye, anapoipokea fedha ile, hali pato, ala mbegu.

Haifai, hata hivyo, kumtupia mawe mtu mmoja. Mkulima humwendea usiku kwa sababu mtoto yu hospitali, na malipo ya chama hayaji mpaka kahawa ikusanywe na kuuzwa. Sheria ya stakabadhi za ghala ya mwaka 2005 humfaa mwenye mazao ghalani. Mwenye maua mtini haimsaidii. Chama cha kuweka na kukopa kingemfaa, lakini ni parokia ngapi zimewahimiza watu wake kuanzisha kimoja, kama zilivyowahimiza kuchangia ujenzi wa mnara wa kengele? Twasema haya tukijihesabu miongoni mwa wakosaji.

Tulipoagana tulimwomba mwenye duka atazame daftari lake, atuambie ni wangapi waliokopa kwake miaka mitatu iliyopita ambao leo hawakopi tena. Alilifungua, akapekua kurasa kwa muda, kisha akalifunga, akasema atatuandikia. Twangojea barua yake.