Gari la nje, lakini bima yake inadaiwa hapa hapa

"Gari la nje hilo, mtamshika nani?"

Aliyesema ni mzee wa heshima, jirani yetu hapa Manzese Midizini. Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka uani kwa mama mmoja muuza maandazi ambaye mwanawe amevunjwa mguu na lori. Mzee hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwonea huruma mwenzake asije akapoteza nauli bure. Waliokuwepo wakaitikia, "Kweli kabisa, mzee," na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya dawa. Mimi nilibaki kwenye maneno yale, na wiki nzima hayajanitoka.

Kijana mwenyewe ni bodaboda, kijiwe chake kipo Tip Top. Pikipiki ni ya mkataba: kila jioni anapeleka hesabu kwa bosi, na mkataba ukiisha salama chombo kinakuwa chake. Siku ya ajali alikuwa ametoka kushusha abiria External, anarudi Ubungo kwa Barabara ya Mandela. Lori la kontena likaanza kuhamia kulia wakati yeye yuko ubavuni mwake, upande huo huo wa kulia. Usukani wa lori lile uko kushoto, kwa sababu kwao magari hupita kulia mwa barabara. Nchi yenyewe siitaji. Nchi haikumgonga mtu.

Nilimkuta amelala kwenye godoro sebuleni. Mguu umewekwa vyuma, vile vinavyotokeza nje ya ngozi na kushikwa pembeni kwa fimbo moja ndefu. Mama yake alikuwa amevifunika kwa kanga, na kila baada ya muda anaiinua kidogo kuhakikisha haigusi kidonda. Kijana alinipa shikamoo, na kabla sijamaliza kumpa pole akaniuliza kama namfahamu mtu yeyote kituoni. Pikipiki bado imezuiwa huko, na bosi anapiga simu kila jioni kuuliza hesabu yake.

Familia ikanisimulia yaliyofuata. Dereva alichukuliwa na trafiki. Kesho yake akaja bwana mmoja aliyejitambulisha kuwa ndiye anayesimamia magari ya tajiri mwenye lori hilo hapa Dar es Salaam. Mtu mpole, mwenye maneno mazuri. Akawapa laki tatu "za kuanzia matibabu" pamoja na karatasi ya kusaini. Baba mdogo wa kijana akasaini, maana hospitali ilikuwa inadai pesa siku ile ile. Mstari wa mwisho wa karatasi hiyo unasema familia haitakuwa na madai mengine yoyote. Lori likapakia mzigo wake, likaondoka.

Nikauliza: kuna aliyeandika namba ya kadi ya njano ya lile gari? Wakatazamana. Baba mdogo akaniuliza, "Ile ya chanjo?"

Siyo ile ya chanjo, na hapo ndipo niliposhikwa na hasira ambayo haijapoa mpaka leo. Lori la nchi jirani linapoingia Tanzania, iwe kwa Tunduma, Kasumulu, Rusumo au Kabanga, linatakiwa liwe na bima inayotambulika hapa. Mengi hubeba kadi ya njano ya COMESA. Mpango huo ulianza kazi mwaka 1987, enzi za PTA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kwenye mpango wa kadi hii imebaki, pamoja na Zambia, Malawi, Kongo, Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya, Zimbabwe na nchi nyingine. Kila nchi ina ofisi yake ya kusimamia mpango, na hapa kwetu kazi hiyo iko kwa Shirika la Bima la Taifa, NIC. Lori la nje likimuumiza mtu wa Manzese, mtu huyo hana haja ya kupanda basi kwenda Lusaka, Lubumbashi au Kigali kumsaka mwenye gari. Madai anayafungua hapa hapa, yanapimwa kwa sheria za hapa hapa, kana kwamba gari lilikatiwa bima Dar es Salaam. Kampuni ya bima iliyotoa kadi kule ndiyo inayobeba gharama mwishoni.

Kwa hiyo, mzee wangu, wa kushikwa yupo.

Kinachoniuma ni kwamba wote waliohusika na ajali ile wanaijua kadi hiyo isipokuwa aliyevunjika mguu na watu wake. Dereva anaijua, ameionyesha mpakani. Tajiri wake anaijua, ameilipia. Trafiki anaijua. Yule bwana mpole wa laki tatu anaijua kuliko wote, na ndiyo maana alifika mapema hivyo, kabla familia haijapata hata usingizi wa kuwaza. Pesa ile ilitolewa ili faili lifungwe. Nayasema haya kwa uzito wake. Mtu akija na fedha mkono mmoja na karatasi ya kuacha madai mkono wa pili, huyo hajaja kutoa pole.

Najua nitakavyojibiwa. "Wewe unajua makaratasi, sisi tunajua maisha. Bima za magari ya hapa tu zinamzungusha mtu mpaka viatu vinaisha, itakuwa hiyo ya nje?" Ni kweli, zinazungusha. Nimewaona wajane wakipanda na kushuka ngazi za ofisi na bahasha ile ile iliyochakaa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo madai yanatakiwa kuanza siku ya kwanza, gari likiwa bado kituoni na kadi ikiwa bado kwenye kabini. Namba ya kadi, kampuni iliyoitoa, tarehe inayoanza na inayokwisha, namba ya kichwa na namba ya trela. Simu ya mtoto yeyote wa Manzese inapiga picha ya mambo hayo kwa dakika moja. Familia ile ina PF3, ina risiti za kila bandeji mama alizozitunza kwenye kopo la maziwa, ina hata picha za damu barabarani. Picha ya kadi haina.

Mwingine ataniambia bodaboda wenyewe hawana adabu barabarani, wanajipenyeza kwenye ubavu wa lori, wengi hawana leseni. Nakaa Manzese, nayaona. Huenda kijana huyu alikuwa mahali asipotakiwa kuwa, na huenda dereva hakutazama kioo chake cha kulia. Ya kuamua hayo ni ramani aliyoichora trafiki, mashahidi na mahakama. Laki tatu za kesho yake haziwezi kuamua nani alikosa.

Niliulizia pia dakika za kwanza zilikuwaje. Mwenzake wa kijiweni, aliyewahi kufika, anasema dereva alikuwa amejifungia kwenye kabini, vioo juu, simu sikioni, midomo inamtetemeka. Vijana wanagonga mlango kwa nondo. Upande wa pili kuna waliokwisha kufungua mfuniko wa tenki la dizeli, mpira wa kunyonyea umo ndani. Mgonjwa yuko chini kwenye lami, na aliyemfunga mguu kwa kitenge chake ni mama muuza mihogo.

Hili nalo lazima lisemwe, hata kama litawaudhi majirani zangu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva aliyesababisha ajali asimame, ajitambulishe na atoe taarifa polisi. Tunataka aitii, kisha tunampokea kwa nondo. Dereva mgeni, asiyejua mtaa wala mtu wa kumkingia kifua, akiona kundi linakuja anakanyaga mafuta, na majeruhi anabaki hana gari, hana namba, hana chochote cha kupeleka popote. Na hiyo dizeli? Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka. Tulizika zaidi ya watu 100. Nilidhani baada ya msiba ule hakuna Mtanzania atakayethubutu tena kuweka mpira kwenye tenki la gari la ajali. Pale Mandela waliuweka, pembeni ya mtu anayevuja damu.

Kuna kauli nyingine inayopita sana vijiweni kwetu, kwamba dawa ni kuwapiga marufuku hawa madereva wa nje. Wanaosema hivyo wamesahau watoto wao wako wapi. Barabara ya Morogoro inayopita hapa chini ya daraja letu la waenda kwa miguu ndiyo hiyo hiyo inayokwenda mpaka Tunduma, zaidi ya kilomita 900, na ukishavuka pale dereva wa nje ni wa kwetu. Manzese ina mautingo waliokua wakawa madereva, ambao wake zao wanaijua Kasumbalesa kwa kuisikia tu kwenye simu. Septemba 2016 madereva wa Kitanzania walipotekwa na waasi Kivu Kusini, tulikaa na redio tukiomba Mungu. Mei 2020 Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde kwa ajili ya korona, madereva wetu walikwama kwenye foleni, wakinyoshewa vidole kana kwamba ugonjwa wameuzaa wao. Wakati ule tulilalamika sana kwamba mtu asihukumiwe kwa namba za gari lake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Dereva wetu akimgonga mtoto Ndola, nataka akabidhiwe polisi akiwa mzima, ahojiwe kwa lugha anayoielewa, na wazazi wa mtoto wale walipwe na bima ya gari lake mpaka senti ya mwisho. Ninachokitaka kwake Ndola nakitaka kwa mwenzake Mandela.

Wakubwa nao wana hoja yao, na hii ndiyo nzito zaidi. Bandari ya Dar es Salaam inaishi kwa mzigo wa nchi jirani. Shaba ya Kongo na Zambia ina njia nyingine za kutokea: Durban, Beira, Walvis Bay. Ukianza kuzuia malori kwa kila ajali, wanasema, wateja watahama, na ajira za vijana hao hao wa Manzese zitaondoka nao. Naikubali hoja hiyo, tena nusu ya mtaa wetu inakula kwa lori, kuanzia fundi wa tairi mpaka mama ntilie. Ila fidia ya bima haihitaji lori lizuiwe hata saa moja zaidi. Mzigo uende. Kinachotakiwa kubaki Dar es Salaam ni nakala ya kadi. Yule mwenye lori hapotezi kitu, bima ameshailipia. Sasa kama kadi ipo, sheria ipo na ofisi ipo, halafu mtoto wa mama muuza maandazi analipwa laki tatu, tusiisingizie bandari. Tumeridhika kwamba mguu wa mtu wa Manzese unaweza kumalizwa kienyeji.

Mimi sijaridhika. Nataka trafiki yeyote kwenye Mandela na Morogoro asiachie lori la nje lililojeruhi mtu kabla hajawapa ndugu wa majeruhi karatasi moja ya Kiswahili yenye namba ya kadi, jina la kampuni ya bima na mahali pa kupeleka madai. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na NIC wabandike tangazo la habari hiyo kwenye kila kituo cha polisi njia nzima mpaka Tunduma, na kwenye kila ofisi ya serikali ya mtaa. Wenyeviti wa vijiwe vya bodaboda, ambao kwenye msiba wanachangisha kwa saa moja zaidi kuliko chama chochote, wawafundishe vijana wao kwamba baada ya kumwahisha mwenzao hospitali, picha ya kwanza ni ya kadi. Na wakala wa tajiri asikutane na familia ya majeruhi peke yao. Awepo mjumbe, awepo mwenyekiti wa mtaa, na karatasi isomwe kwa sauti mpaka mstari wa mwisho.

Jana nilirudi kwa baba mdogo. Anajilaumu kwa ile saini, na nilimwambia asijilaumu: alisaini mtoto akiwa juu ya machela na mhasibu akisubiri. Ina uzito gani ile karatasi, hilo ni la mahakama kusema, wakala hana mamlaka hayo. Wapo wanasheria wanaosaidia bure, wakiwemo wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Sheria yetu ya ukomo inampa aliyejeruhiwa miaka 3 ya kufungua shauri la fidia, na kijana huyu hajatumia hata robo ya mwaka. Namba za lori zimo kwenye faili la trafiki, na kwa namba hizo kadi inatafutika.