Tumbaku ya Kiko Iliyotiwa Manukato: Je, Harufu Njema Hugeuza Hukumu ya Kitu?

Mwanadamu ameumbwa akipenda harufu njema. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipenda manukato, na mwenye kula kitunguu thaumu alikatazwa kuukurubia msikiti hali harufu ingali naye. Basi pua si kiungo cha kudharauliwa. Ni mlango, na kila mlango wapasa kutazamwa kinachopita. Swali ni hili: kitu chenye lawama kikipakwa harufu njema, je, lawama yake huondoka?

Mfano ulio wazi ni tumbaku ya kiko itengenezwayo Ulaya na Marekani kwa kutiwa manukato. Jani la Virginia hukaushwa kwa hewa ya moto, likabaki na sukari yake. Jani la Burley hukaushwa kwa upepo, sukari yake ni chache mno, nalo hunywa kila linachotiwa mfano wa sifongo. Na liko lipikwalo kwa mvuke na kushindiliwa hata likawa jeusi na tamu, nalo huitwa Cavendish. Kisha hutiwa maji ya sukari au ya urukususu, na mwisho hutiwa harufu: vanila, cheri, kakao, na katika baadhi yake ramu na wiski. Hili la mwisho peke yake latosha kumfanya Mwislamu aulize kabla hajafungua mfuko wake.

Wapenzi wa tumbaku hii hununua kopo baada ya kopo, wakalinganisha hili na lile, wakajua lipi lachoma na lipi ni laini. Ujuzi huo si wa kukanushwa, kwani kupambanua ladha ni neema, na ndiyo iliyomfunza mpishi kazi yake. Walakini wajuzi hao hao wana neno la ajabu. Wao husema kuwa tumbaku yenye manukato humpendeza zaidi aliyeketi kando kuliko yule aivutaye. Kwa kuwa ina majimaji na sukari nyingi, hutoa mvuke wa moto, na akiivuta kwa haraka humchoma ulimi. Jirani hunusa utamu, na mwenye kiko huungua. Mwenye kuzingatia ataona humo sura ya riya: amali ambayo uzuri wake wafika kwa watazamaji, na moto wake wabaki kwa mwenyewe.

Ama hukumu ya tumbaku, wanazuoni walikhitilafiana tangu ilipofika katika nchi za Kiislamu, karibu na mwisho wa karne ya 16. Sultani Murad wa Nne aliipiga marufuku mwaka 1633. Katika Misri, Sheikh Ibrahim al-Laqani aliiharimisha, na Sheikh Ali al-Ajhuri, naye ni wa madhehebu ya Maliki kama mwenziwe, akaihalalisha. Katika Sham, Sheikh Abdulghani an-Nabulsi, aliyefariki mwaka 1731, aliandika risala ya kuitetea. Miongoni mwa hoja za waliohalalisha ni kwamba asili ya vitu ni ruhusa, na kwamba dhara yake haikuthibiti. Hoja hiyo ni ya haki, lakini imefungwa na sharti. Mwaka 1795 tabibu wa Kijerumani, Samuel Thomas von Sömmerring, aliandika kuwa saratani ya mdomo huwapata khasa wavutao kiko. Na mwaka 1964 taarifa ya tabibu mkuu wa Marekani ilikihusisha kiko na saratani hiyo. Basi anayeshika leo ruhusa ya kale, na sharti lake limekwisha kuondoka, ameshika ganda akaacha kiini.

Akisema msemaji, "Mimi si mtumwa wa tumbaku; naonja tu," ataambiwa: aliyeonja makopo arubaini amevuta makopo arubaini. Nikotini haiulizi nia ya mvutaji. Na kuonja kwa namna hii hakuna mwisho, kwa sababu kila kopo jipya lina ahadi ambayo kopo la jana halikuitimiza.

Na akisema, "Udi na ubani nao ni moshi, mbona nyumba za Waislamu hufukizwa?" ataambiwa: harufu ya udi ndiyo makusudio yake yote, haikupakwa ili kukificha kitu kingine, wala hapana atiaye kinywa chake katika chetezo. Hata hivyo, moshi wa udi ukizidi katika chumba kilichofungwa una dhara yake, na utamu wa harufu hauwi hoja ya kuikana. Kanuni ni moja kwa vyote viwili.

Wala jambo hili si la mvutaji peke yake. Mtoto mchanga hakimbilii tumbaku tupu, kwani ni chungu na yakereketa. Akivutwa, huvutwa na utamu uliowekwa juu yake. Ndiyo maana sheria ya Marekani ya mwaka 2009 ilikataza sigara zenye ladha, isipokuwa mentholi, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 ikakataza ladha hizo katika sigara na tumbaku ya kusokota. Tumbaku ya kiko iliachwa. Lakini kuachwa na serikali si kuhalalishiwa na dhamiri. Baba afukizaye baraza lake kwa vanila ya kiko amfunza mwanawe kuipenda harufu kwanza, na kitu chenyewe baadaye. Na siku atakapomkataza, kijana atashangaa, kwani amepata kuijua harufu hiyo kuwa ni harufu ya babake.

Basi kipimo ni chepesi kukitamka na kizito kukitumia: ondoa harufu, kisha ukitazame kilichobaki. Kikiwa chema bila ya harufu, harufu ni ziada ya wema. Kikiwa kibaya bila ya harufu, basi harufu ni msaidizi wa ubaya. Na kipimo hiki hakiishii katika kiko: maneno matamu ya mfanyabiashara hupimwa kwa mizani yake, na kilemba kizuri hupimwa kwa amana ya aliyekivaa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.