Je, Upendo Wapatikana Katika Kidonge?



Mwenye kusafiri kutoka Morogoro kwa barabara kuu iendayo Zambia, akishaivuka mbuga ya Mikumi iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1964, huingia katika mji wa Mikumi, nao ni mji usiolala. Malori hupumzika hapo usiku kucha, moshi wa nyama choma hutanda barabarani, na kila baa ina muziki wake. Katika mji huo, alasiri moja baada ya darasa, kijana mmoja alinifuata nje. Kwa muda mrefu amekuwa akisoma vitabu vya Jumuiya yetu, bali hajafunga baiati. Alikuwa amefanya kazi Dar es Salaam miaka kadhaa, na huko alizoea kumbi za disko. Akaniambia:

"Sheikh, nina swali ninaloona haya kuliuliza mbele za watu. Pombe nimeiacha, kwa kuwa iliniletea ugomvi. Lakini kule mjini rafiki yangu alinipa kidonge. Nilipokimeza nilicheza mpaka asubuhi, sikugombana na mtu, nikawapenda wote waliokuwamo ukumbini, hata nisiowajua. Dini nayo yasema tupendane. Sasa kosa la kidonge hiki liko wapi?"

Ningeweza kumjibu kwa neno moja, kwamba ni haramu, na jibu hilo lingekuwa la kweli. Lakini yeye hakuuliza hukumu, aliuliza sababu. Na Islam si dini inayoogopa kuulizwa sababu. Tena nilifahamu kwamba wako vijana wengi, waliosilimu na wanaochunguza, ambao wanalo swali hilohilo mioyoni, nao hawalitoi kwa kuogopa kukaripiwa. Kwa ajili yao nayaandika niliyomjibu.

Kwanza yafaa kukijua kitu chenyewe. Kidonge hicho huitwa ekstasi, na dawa iliyomo, kama kweli imo, wataalamu huiita kwa herufi MDMA. Ilitengenezwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1912 na kampuni ya Merck, wala haikukusudiwa dansi. Wakemia walikuwa wakitafuta dawa ya kuzuia kutoka damu. Ikasahauliwa kwa miaka mingi. Baada ya mwaka 1970 baadhi ya waganga wa maradhi ya nafsi huko Marekani waliwapa wagonjwa wao, kisha ikatoroka kutoka vyumba vya waganga na kuingia katika kumbi za dansi. Serikali ya Marekani iliipiga marufuku mwaka 1985, na mwaka 1986 ikaingizwa katika orodha ya kimataifa ya dawa zinazodhibitiwa vikali. Marufuku hayo hayakuizuia. Kufikia mwaka 1988 vijana wa London na Manchester walikuwa wakiimeza na kucheza hadi jua kuchomoza, na kutoka huko desturi hiyo imeenea duniani. Nchini mwetu ni kosa la jinai kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015.

Je, niseme kwamba kidonge hiki hakina raha yoyote? La hasha. Kurani Tukufu haikutufundisha kusema uongo hata juu ya kitu kilicho haramu. Tazama Sura ya Bakara, aya ya 220: Mwenyezi Mungu alipoulizwa juu ya ulevi na kamari, hakukana kwamba vina manufaa kwa watu. Aliyakubali manufaa, kisha akatangaza kwamba madhara yake ni makubwa zaidi. Ni kitabu gani kingine kinachomkataza mtu jambo huku kikikiri uzuri uliomo? Basi nami nakiri. Mwaka 2023 Australia iliwaruhusu madaktari maalumu kuwapa baadhi ya wagonjwa wa akili dawa hii chini ya uangalizi. Marekani ilipoombwa mwaka 2024 kuiidhinisha kwa ajili ya wagonjwa waliopatwa na misukosuko ya vita na maovu, mamlaka yake ya dawa ilikataa. Madaktari waendelee kuyachunguza hayo. Anayecheza dansi si mgonjwa, ukumbi si hospitali, na muuza vidonge si daktari, wala mara nyingi hajui mwenyewe anauza nini.

Sasa tuje kwenye madhara. Watu wa Kilosa watanielewa upesi, kwa kuwa wanaujua mto Mkondoa. Mto ule ndio uliolisha mashamba yao tangu babu zao. Lakini mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 maji yalilishinda tuta, yakaja yote kwa mara moja, na maelfu ya watu wakalala katika mahema. Maji ni yaleyale yaliyoleta mahindi na mpunga. Yalipokuja bila kipimo yaliondoka na nyumba.

Ndivyo ilivyo katika kichwa cha mwanadamu. Mwenyezi Mungu ameweka katika ubongo kemikali iitwayo serotonini, inayotumika katika kuongoza furaha, usingizi na hamu ya chakula, nayo hutolewa kidogo kidogo kwa kipimo chake. Kidonge cha ekstasi huibomoa kingo ya ghala hilo na kuimwaga akiba kwa saa chache. Hapo mtu huona kwamba anawapenda wote. Lakini siku mbili tatu baadaye ghala halijajaa, na wengi hupatwa na huzuni isiyo na sababu, hasira, na kukosa usingizi. Nilimwuliza kijana yule: "Ulipowapenda watu wote usiku wa Jumamosi, Jumanne uliwapenda wangapi?" Akacheka kidogo, akasema hata simu ya mama yake hakuipokea.

Lipo pia lililo baya kuliko huzuni. Mmezaji hasikii uchovu. Katika ukumbi wenye joto na watu wengi mwili wake huweza kupata moto mpaka misuli, figo na ini vikaharibika. Mwingine, kwa kuambiwa anywe maji, hunywa kupita kiasi. Na kwa kuwa dawa hiyo huuzuia mwili kuyatoa, chumvi ya damu hupungua na ubongo huvimba. Hivyo ndivyo alivyofariki msichana mmoja wa Uingereza mwaka 1995, baada ya kumeza kidonge kimoja tu akisherehekea kutimiza miaka 18, nyumbani kwa wazazi wake. Kwa hiyo wewe usomaye, ukimwona mwenzako baada ya kidonge ana moto mwilini, amechanganyikiwa, anatapika au anatetemeka, mtoe kwenye joto na umfikishe hospitali mara moja, na umwambie daktari kweli kamili ya alichomeza. Usimwache kwa kuogopa aibu. Kuiokoa nafsi moja, katika Kurani Tukufu, kumefananishwa na kuwaokoa watu wote.

Hata hivyo kijana yule hakuwa ameguswa sana na hayo. Vijana hawaogopi mauti. Swali lake lilikuwa la upendo, nami nilipaswa kumjibu kwa upendo.

Nikamwuliza: "Unajua ulevi uliharimishwa lini?" Akasema labda siku ya kwanza ya utume. Sivyo. Miaka yote ya Makka ilipita, na miaka kadhaa ya Madina, kabla ya kushuka amri ya mwisho iliyomo katika Sura ya Maida, aya ya 91 na 92. Kwa nini Mwenyezi Mungu aliwangojea? Tazama kilichotangulia. Makabila ya Aus na Khazraj, yaliyochinjana kwa miaka mingi, yalikuwa yamekwisha kuunganishwa. Muhajirina waliofika mikono mitupu walikuwa wamekwisha kufanywa ndugu wa Ansari. Saad bin Rabii r.a. alimwambia Abdurrahman bin Auf r.a., mtu ambaye jana hakumjua, achukue nusu ya mali yake. Naye Abdurrahman akamwombea baraka na kuomba aonyeshwe njia ya sokoni tu. Huo ndio upendo kwa mtu usiyemjua! Tena ulidumu mpaka Jumanne, na mpaka kaburini. Katika Sura ya Anfal, aya ya 64, Mwenyezi Mungu anamweleza Mtume Mtukufu s.a.w. kwamba hata angaliitumia mali yote iliyomo ardhini asingaliweza kuziunganisha nyoyo hizo. Mungu ndiye aliyeziunganisha. Ikiwa mali yote ya dunia haiwezi, je, itaweza shilingi ya kidonge?

Ndipo amri ikashuka. Nyumbani kwa Abu Talha r.a. watu walikuwa katika karamu, na Anas r.a., naye kijana, ndiye aliyewamiminia. Sauti ya mpiga mbiu ikasikika njiani kwamba ulevi umeharimishwa. Hawakusema: tumalize kwanza vikombe hivi. Abu Talha alimwamuru Anas akaumwage, na vichochoro vya Madina vikatiririka. Waliweza kuumwaga kwa saa moja kwa sababu mikono yao haikubaki mitupu. Mwenyezi Mungu aliwapa kwanza, kisha akawanyang'anya.

Hapa inanibidi niseme neno kwa sisi tulio ndani ya Jumuiya, hasa sisi tunaohubiri. Mara ngapi tumemwambia kijana aache disko, naye ameacha, kisha hatukumwalika hata kikombe cha chai? Aliwapoteza rafiki zake kwa ajili ya dini, na dini, yaani sisi, tukampa mkono baada ya sala ya Ijumaa na kwenda zetu. Basi tusishangae akirudi.

Wala isidhaniwe kwamba Islam imeikataza furaha yenyewe. Siku ya Idi Wahabeshi walicheza na mikuki yao katika msikiti wa Madina, na Mtume Mtukufu s.a.w. akamsimamia Bibi Aisha r.a. atazame mpaka achoke mwenyewe. Watu wa mkoa wetu wa Morogoro wana mapenzi ya muziki tangu zamani. Wazee wa Kilosa hawajawasahau Salum Abdallah aliyefariki mwaka 1965 na Mbaraka Mwinshehe aliyefariki mwaka 1979. Mimi si shabiki wa dansi, lakini sijasikia mzee hata mmoja akisema kwamba zamani furaha ilihitaji kidonge. Leo vijijini Idi hufika, na jioni yake jenereta na spika husimamishwa uwanjani, likaanza disko vumbi, na pembeni mna gongo na bangi. Takbira za asubuhi zimekwenda wapi? Na huko Tabora, ambako mbegu ya Ahmadiyya ilipandwa katika Tanganyika mwaka 1934, siku ya Idi ya mwaka 2008 watoto wapatao 20 walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana katika ukumbi wa disko. Hawakuwa wamemeza kitu. Sisi wazee ndio tuliowaachia ukumbi uwe ndiyo Idi yao.

Kijana akasema: "Lakini Sheikh, huzuni ile ya Jumanne, je, si toba?" Swali hili lilinifurahisha sana. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika hotuba yake iliyosomwa Lahore Desemba 1896, alizifafanua kutoka Kurani Tukufu hali tatu za nafsi: nafsi ammara iamrishayo maovu, nafsi lawwama ijilaumuyo, na nafsi mutmainna iliyotulia kwa Mola wake. Huzuni ya Jumanne si lawwama. Ni ghala tupu tu. Mwenye huzuni hiyo haoni ubaya wa alilolifanya, bali hutamani kidonge kingine. Nafsi lawwama ni ile iliyomtoa nje baada ya darasa na kumfanya aulize huku akiona haya. Hiyo aishukuru, kwa maana ndiyo ngazi ya kuifikia ile ya tatu, ambayo hailetwi wala haiondolewi na kitu kinachomezwa. Na katika sharti la pili la baiati, mwenye kuifunga huahidi kutokubali kuburutwa na matamanio ya nafsi, hata yakiwa na nguvu namna gani. Ahadi hiyo haikuwekwa kwa malaika. Imewekwa kwa mtu ambaye usiku wa Jumamosi utamjia.

Naye hilo ndilo aliloniuliza mwisho: "Na Jumamosi usiku nifanye nini?"

Sikuwa na hotuba ya kumpa. Nilimwambia Jumamosi ile vijana wetu wachache walikuwa na kazi ya kujitolea Kilosa, kuzibua mtaro ulioziba kwa mchanga, naye akitaka aje na jembe. Alikuja. Walichimba mpaka magharibi, wakala ugali na dagaa katika sinia moja, wakabishana juu ya mpira mpaka usiku mwingi, naye akalala juu ya mkeka katikati yao. Alfajiri, saa ambayo zamani alikuwa akitoka ukumbini, adhana ilimwamsha. Nilimwona akinawa, akijitazama malengelenge ya viganja.

Hajafunga baiati hadi leo, wala sijamhimiza. Ila aliposikia kwamba nitaandika juu ya swali lake, aliomba nakala mbili za gazeti hili, moja yake na nyingine ya kumpelekea Dar es Salaam rafiki yule aliyempa kidonge. Ikiwa wewe usomaye ndiwe rafiki huyo, anakungojea Kilosa. Gari moshi husimama pale, na jembe lako lipo.